Nipangeje huduma za maktaba ziendane na wasomaji?

Mkutubi Mpya: Wakuu, habari za muda huu. Nimekabidhiwa maktaba ya chuo cha uuguzi, na mkuu wa chuo anataka mpango wa huduma zinazoendana na mahitaji ya wasomaji. Kila nikikaa kuuandika nakwama, usingizi nao umepaa. Nianzie wapi?

Rafu ya Juu: Anza na Ranganathan, mkuu, yule mkutubi wa India. Katika kanuni zake 5 za maktaba za mwaka 1931, ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Ukiishika hiyo, nyingine zinafuata.

Mama Kurasa: Vijana wa siku hizi hawasomi hata uwabembeleze. Enzi zetu kitabu kimoja tulikisoma kwa zamu mpaka taa zinazimwa. Wafundishwe nidhamu kwanza.

Kijiko: Mleta mada, wasomaji wenyewe wanasemaje?

Mkutubi Mpya: Dodoso lipo kaunta. Wengi wameomba kompyuta.

Kijiko: Hao ni wanaokuja. Wasiokuja je? Halafu kuna kitu unatuficha.

Mkutubi Mpya: Oda ya kompyuta imeshakwenda, na vitabu vya ukunga vimehamia stoo kupisha meza. Lakini vilikuwa haviazimwi! Rejista ninayo.

Rafu ya Juu: Kutoazimwa si kutosomwa. Wengi husomea humohumo ndani. Ungehesabu vinavyobaki mezani kila jioni kabla ya kuvirudisha rafuni.

Nukta Tatu: Hii chai. Chuo cha uuguzi, vitabu vya ukunga stoo?

Mkutubi Mpya: Si chai, mkuu. Jana mwanafunzi kaniuliza, "Mna vitabu vya uzazi?" Nikamuuliza anataka kufanyia nini. Kumbe anahitaji tu kurasa za jinsi ya kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua; yuko zamu ya usiku wodini. Akija asubuhi, mlango bado umefungwa.

Nukta Tatu: Haya, patografu hubuni. Nimekuelewa.

Kijiko: Hapo ndipo pa kuanzia. Robert S. Taylor, mtaalamu wa mambo ya maktaba, alieleza mwaka 1968 kwamba swali linalofika kaunta msomaji ameshalipunguza, kulingana na anachodhani maktaba inacho. Wewe umeuliza zaidi, hitaji likajitokeza. Waulize hivyohivyo wa zamu zote, huko huko wodini.

Mama Kurasa: Na vitabu virudi, mwanangu.

Mkutubi Mpya: Oda siifuti, mama, kompyuta zinahitajika. Ila meza zitapungua, rafu ya ukunga irudi. Saa za kufungua naziombea ruhusa kesho.