Tupeane uzoefu: unajipangia muda gani wa kucheza poka kwa siku, na unaupimaje?

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenzetu wanaocheza poka, iwe mtandaoni au kwenye meza za kasino, ili kila mmoja aeleze anavyoamua muda wa kucheza kwa siku. Wanaoamini kwamba kamari ya aina yoyote ni haramu nawaheshimu kwa dhati, na sikusudii kumshawishi mtu yeyote aanze. Ninachokiona ni kwamba mipaka ya fedha tunaizungumzia sana, ilhali ya muda hatuigusi, na kwa kuwa mchezo huu hauna filimbi ya mwisho, asiyejipangia saa ya kuinuka huinuliwa na uchovu au na salio lililokwisha.

Naanza mimi. Nipo Dar es Salaam, nimeajiriwa, na hucheza mtandaoni kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, meza mbili kwa pamoja, zile ambazo mtu huingia na kutoka na fedha zake wakati wowote. Muda huo niliupata kwa kuhesabu migao ya karata badala ya dakika. Kwenye kasino, karata hugawiwa takriban mara 25 hadi 30 kwa saa, lakini meza ya mtandaoni yenye watu sita hufika mara 70 hivi, kwa hiyo saa zangu mbili ni sawa na siku nzima ya mwenzangu wa kasino. Ree mbili, jozi ambayo kila mchezaji huisubiri, huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Aliyekaa kasino saa tatu bila kuiona hana nuksi yoyote, na akiongeza saa ya nne kwa kuamini kwamba sasa zamu yake imekaribia, amekosea hesabu, maana karata huchanganywa upya kila mara. Saa tano kasoro dakika tano kengele ya simu hulia, nami huweka alama kwenye meza zote mbili ili programu iniondoe kabla sijafikiwa na dau la lazima, yaani fedha ambayo wachezaji huweka kwa zamu kabla karata hazijagawiwa. Hufanya hivyo nikiwa nimeshinda au nimeshindwa.

Mchangiaji, Mombasa:
Asante kwa mada hii. Mimi ni muuguzi na hucheza mashindano pekee, ambayo hayakubali kipimo cha saa kwa siku, kwa sababu unalipa kiingilio kimoja na kadiri unavyofanya vizuri ndivyo unavyozidi kubaki mezani, na yenye mamia ya washiriki yanaweza kukufikisha alfajiri. Kwa hiyo ninachochagua ni siku. Nikiwa na zamu ya asubuhi kesho yake, silipi kiingilio, hata kama zawadi inavutia kiasi gani. Kabla ya kulipa, husoma kwanza madau ya lazima yanapanda kila baada ya dakika ngapi, kwani shindano la dakika 5 na la dakika 15 hutofautiana sana kwa urefu.

Mchangiaji, Toronto:
Huku Ontario, tangu Aprili 2022 soko la kampuni za mtandaoni zenye leseni lilipofunguliwa, kila kampuni inatakiwa kumpa mchezaji nafasi ya kujiwekea ukomo wa fedha na wa muda, na ukishauweka huwezi kuulegeza papo hapo. Mimi nimejiwekea saa moja na nusu kwa siku, na nauthamini utaratibu huu kwa sababu uamuzi nimeufanya nikiwa nimetulia, kabla karata hazijanipandisha hasira. Hata kwenye shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, wachezaji hupewa mapumziko ya dakika 20 baada ya kila saa mbili.

Mchangiaji, Moshi:
Naomba nami nichangie, ingawa sichezi; mchezaji ni mume wangu. Tulikaa tukakubaliana kwamba hafungui mchezo kabla watoto hawajalala, na kwamba saa ambazo hakucheza Jumanne hazihamishiwi Jumatano. Siku ya msiba, ugomvi au habari mbaya ya kazini hachezi kabisa. Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa muda unaofuata baada ya kufunga simu, kwa sababu mwili ulikuwa kitandani na akili ingali kwenye karata aliyopaswa kuitupa, akinijibu maneno mawili mawili. Sasa humaliza saa moja kabla ya kulala, na jambo lolote linalomkereketa huliandika daftarini ili alipitie mchana. Kwangu mimi, saa hiyo nayo ni sehemu ya muda wa poka, na kila mwenye familia angefaa kuihesabu.

Mleta uzi:
Dada wa Moshi, nashukuru, hilo sikuwa nimelihesabu katika saa zangu mbili. Dada wa Mombasa, naomba utufafanulie jambo moja: ukifika hatua za mwisho za shindano na bado una karata nzuri lakini macho yamechoka, je, wachezaji mliobaki huwa mnakubaliana kugawana zawadi, au unacheza hadi mwisho? Wengine karibuni, hasa mnaocheza mchana.