Kamera ya kupanda nayo Kilimanjaro: DSLR au ndogo isiyo na kioo cha ndani?

Msafiri_Tanga: Wakuu, natarajia kupanda Kilimanjaro, na nimepata kamera mbili za mkononi kwa bei zinazokaribiana: DSLR nzito, yaani yenye kioo cha ndani kinachopeleka taswira ya lenzi kwenye tundu la kuchungulia, ambayo betri yake hudumu, na nyingine nyepesi, isiyo na kioo cha ndani, ambayo hula chaji. Ipi itastahimili baridi ya kileleni?

Kiboko_wa_Picha: Mkuu, hujasema njia, mwezi, wala idadi ya betri. Usiku wa kuelekea Uhuru, mita 5,895, baridi inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, ilhali kamera nyingi zimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40.

BiShani: Chukua DSLR. Unalenga kwa kuchungulia kupitia lenzi yenyewe, bila skrini kuwaka muda wote.

Lenzi_Kuu: Dada, betri yoyote ya lithiamu hulegea kwenye baridi. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Hata ile iliyozima, ukiipasha joto hurudisha sehemu ya chaji. Msizichaji zikiwa zimeganda, kwani huharibika.

Mwongozaji: Mnaizungumzia baridi, lakini kamera ya mgeni wangu mmoja iliharibiwa na joto. Alishuka kutoka kileleni akaingia moja kwa moja kwenye hema la kulia, limejaa watu na mvuke wa chai, akaitoa kamera awaonyeshe wenzake picha. Kufumba na kufumbua lenzi ikatapakaa matone. Akayafuta kwa skafu, lakini ukungu ulikuwa umekwisha kuingia katikati ya vioo, na picha zake zote za kushuka zilitoka na wingu katikati. Ukiwa bado nje, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ili unyevu utande juu ya plastiki, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la ndani.

Juma_K: Kwa nini msibebe simu tu?

BiShani: Simu nayo huzima ghafla, na skrini yake hukulazimisha kuvua glavu. Kamera ina vitufe.

Lenzi_Kuu: Zipo glavu za kugusia skrini, ila ni nyembamba mno kwa usiku ule.

Msafiri_Tanga: Ahsanteni. Ni Marangu, mwezi Julai, na kila kamera inakuja na betri moja.

Kiboko_wa_Picha: Moja haitoshi, mkuu. Ulizia kwanza ni betri ya kamera ipi inayopatikana madukani huko kwenu.