Hispania walidaije Nootka wakati Pérez hata hakushuka melini?

Mpenda_Ramani: Wakuu habari, nasoma kuhusu pwani ya Pasifiki kule kaskazini magharibi ya Amerika, kuna kitu hakiniingii kabisa. Juan Pérez, nahodha wa Hispania, alifika Nootka (ghuba ya Kisiwa cha Vancouver, Kanada ya leo) 1774 na meli yake Santiago, wenyeji wakamfuata na mitumbwi wakabadilishana vitu hukohuko majini, nchi kavu hakukanyaga. Sasa 1789 Hispania haohao wanakamata meli za Waingereza palepale eti ni kwao. Walishikilia nini hasa?

Baharia_77: Mkuu dai lao lilianzia mbali, Mhispania Balboa 1513 aliingia baharini kule Panama akatangaza bahari nzima ni ya mfalme wake. Halafu 1775 nahodha wao mwingine, Bruno de Heceta, akashuka sehemu ambayo leo iko jimbo la Washington, akasimika msalaba na kufukia chupa yenye hati ndani. Ndo ushahidi wenyewe huo, chupa! Na siku hiyohiyo, Julai 14, mabaharia saba wa meli ya pili, Sonora, walishuka kutafuta maji wakauawa na wenyeji.

Dada_Pwani: Mi kinachoniuma ni kwamba wenye ardhi walikuwepo na walijieleza vizuri tu. James Cook, nahodha wa Uingereza, alipofika Nootka 1778 alituma watu wakate majani ya mbuzi na kondoo wa melini, wenyeji wakawazuia, lipa kwanza. Akakubali, ghafla kila kipande cha majani kikawa na mwenyewe, akalipa mpaka mifuko ikaisha. Sasa mtu amelipia hadi nyasi halafu nchi yake inakuja kudai haki pale, inaingia akilini kweli? Hapohapo Cook alimkuta mtu kavaa vijiko viwili vya fedha shingoni, na watu huwa wanaamini vilitoka kwa Pérez.

Mpenda_Ramani: Duh, hiyo ya majani sikuijua. Kwa hiyo 1789 waligombania nini, si pori tu?

Baharia_77: Ngozi za fisi maji wa baharini mkuu, watu wa Cook waliziuza Canton kule China kwa hela nyingi mno, habari zikasambaa kila mtu akataka pwani ile. Hispania na Uingereza nusura wapigane, wakasaini mkataba 1790, na 1795 wote wawili wakaondoka Nootka.

Dada_Pwani: Na wenyeji, watu wa chifu Maquinna, wakabaki kijijini kwao Yuquot, hapohapo Nootka. Mikataba yote hiyo hakuna aliyewaita mezani.