Igizo, mapiko na wanaume wenye sonona: tuwalete uwanjani?

Wakuu, salaam. Niko Newala. Kijiweni kwetu kuna ubishi wa wiki nzima. Vijana wa sanaa wameomba uwanja wa kijiji wacheze igizo la mwanaume aliyeelemewa, kisha watazamaji waingie walicheze upya. Wengine wanasema huko ni kuwaanika wanaume. Mimi nasema lichezwe, ila kwa sharti.

Mtindo wenyewe una umri. Augusto Boal wa Brazil aliuendeleza miaka ya 1970: igizo likifika pabaya linasimamishwa, mtazamaji anachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Msimu uliopita nililiona la namna hiyo. Mhusika anadaiwa, korosho ziko ghalani, malipo hayajatoka, nyumbani kanyamaza. Akainuka fundi baiskeli mmoja, bingwa wa soga. Akaketi mkekani, "mke" akamwekea ugali. Hakula. Akawa anaviringisha tonge lile lile mpaka likakauka. Uwanja kimya. Mwisho akasema, "Chukua, wape watoto," akaenda zake. Kesho yake nilimkuta kibandani anacheka kama kawaida, nikakosa pa kuanzia.

Sharti langu limezaliwa pale. Mtu kafunguka mbele ya mtaa mzima, halafu wasanii wakapanda bodaboda wakaondoka. Mhudumu wa afya awepo siku hiyo, na arudi wiki inayofuata. Tena tusisahau sheria: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nani ataropoka hadharani? Ndiyo maana nawaza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Aliyevaa kinyago hajulikani, aseme atakalo.

Mzee wa Tandahimba: Mwanangu, hapo umevuka mpaka. Lipiko lina wenyewe, ng'ambo ya Ruvuma na huku. Limefungamana na jando, na aliye ndani hatajwi. Ukilipeleka kwenye semina yenye posho na picha, umeliua. Halafu mtu akishajificha nyuma ya kinyago, utamsaidiaje?

Mdau wa Lindi mjini: Hela za igizo ziende zahanati. Ngoma hazitibu.

Mama wa Masasi: Mwasema wanaume weee, hamtuulizi sisi. Hiyo sahani mimi narudishiwa tangu Kwaresima. Nikiuliza naambiwa "nimeshiba". Kama kuna uwanja atakaosema, nitambebea mkeka mwenyewe.

Mleta mada: Mdau, sijasema ngoma ni dawa. Lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, wanaume karibu mara mbili ya wanawake. Zahanati yetu ipo, wanaume wanaipita wakienda shamba. Igizo liwafikishe mlangoni, basi.

Mzee, shikamoo. Kwa lipiko nimesalimu amri, libaki kwenu. Swali lako la kinyago limenishinda pia. Ila watani je? Msibani wanatutolea maneno ambayo ndugu hathubutu, na hakuna anayekasirika. Igizo likiongozwa na watani, huenda aibu ikapungua. Kikao ni Alhamisi baada ya alasiri, njoo utubishie ana kwa ana.

Fundi nimemwomba tukae pamoja mstari wa nyuma. Kasema atafikiria, kwanza amalize mnyororo wangu. Ameushika siku ya tatu leo.