Tupeane uzoefu: wenye mshahara wa kawaida, hela ya safari mliidunduliza vipi?

#1 (mwanzisha mada)
Wadau, habari zenu. Mwaka jana nilisafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza, siku 9, kwa mshahara wangu huu huu wa kawaida, bila mkopo. Naomba kila aliyewahi kufanya hivyo atueleze yake. Naanza mimi.

Nilijaribu mara tatu nikashindwa, kwa sababu nilikuwa naweka kinachobaki, na hakuna mwezi uliowahi kubakiza kitu. Mara ya nne nikageuza. Mshahara ukiingia tu, kabla ya kodi ya nyumba, benki inahamisha yenyewe sehemu moja ya kumi kwenda akaunti nyingine isiyo na kadi. Miezi miwili ya kwanza niliumia kweli. Wa tatu nikazoea. Sehemu ya kumi kwa miezi 20 ni mishahara miwili kamili, na mimi sijawahi kushika mishahara miwili kwa mpigo maishani. Nilipoliona lile salio nilikaa kitako.

Kilichonizuia kuigusa ni daftari. Nilichora miraba 20, kila nikiweka hela napaka mmoja rangi ya bluu. Mwezi wa nane simu yangu ilipasuka kioo, nikaanza kuitamani ile akiba. Nikafungua daftari, nikaiona miraba 7 ya bluu, nikalifunga. Ile simu nilisafiri nayo na ufa wake.

#2
Hongera sana mkuu. Mimi nilitumia kibubu cha bati, kile ambacho huwezi kukifungua bila kukipasua. Miaka miwili. Usiku wa kukipasua tulikaa sakafuni na mke wangu mpaka saa saba, sarafu tumezipanga mafungu ya kumi kumi. Kesho yake nikazipeleka zote benki, wiki iliyofuata nikaomba viza.

Nikanyimwa. Taarifa ya benki ilionyesha akaunti kavu miezi yote, halafu ghafla fungu kubwa limeingia. Ofisa anayeisoma anaona mtu aliyeazimwa hela ili aionyeshe, na hakuna karatasi ya kumthibitishia kwamba ni jasho lako la miaka miwili. Ada ya viza nayo ukinyimwa hairudi. Iliniuma mno.

Kwa hiyo ndugu zangu, kibubu si kibaya, lakini kila mwezi kimwageni benki. Maofisa wengi wa viza wanataka taarifa ya benki ya miezi 3 mpaka 6, na wanachotaka kuona ni hela inayoingia kidogo kidogo kutoka mahali panapoeleweka. Nilianza upya hivyo, mara ya pili nikapewa.

#3
Upatu. Tuko 12 kazini, mimi niliomba zamu ya tisa kwa sababu ndiyo iliyoangukia mwezi wa kulipia tiketi. Akiba yangu mwenyewe naweza kuiruka mwezi mmoja na hakuna atakayeniuliza. Mchango wa mwenzangu siwezi kuuruka, ningemtazama vipi asubuhi? Ila ingieni na watu mnaowajua vizuri. Kwenye upatu niliokuwa nao kabla ya huu, mmoja alipokea zamu ya kwanza akaacha kazi, wa mwisho wakalia.

#4
Samahani, mimi nasema tofauti kidogo. Kama huna akiba ya dharura, usianze na ya safari. Nilikuwa nimefika nusu mama akalazwa, zote zikaenda hospitali. Sijutii hata kidogo, ningefanya tena leo. Lakini tangu siku hiyo nina akaunti mbili, na ya dharura ndiyo inayojazwa kwanza. Bado sijasafiri. Ya safari ina miezi 5 sasa.

#5
Naongezea kwa uchungu: angalieni pasipoti kabla ya kulipia tiketi. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Yangu ilikuwa na minne. Nilirudishwa kaunta ya uwanja wa ndege, begi likiwa tayari kwenye mizani, na tiketi ilikuwa ya bei rahisi isiyorudishwa. Akiba ya mwaka mzima.

Bima nayo iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Viza ya Schengen (ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya), kwa mfano, inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Na ukiwa huko, mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na mara nyingi kinakuwa kibaya kuliko cha benki yako. Mimi siku nne nilikuwa nabonyeza ya kwetu kwa sababu niliielewa haraka.

#6 (mwanzisha mada)
Namba 4, pole sana, na mama aendelee kupata nafuu. Ulichosema nimekichukua, maana mimi nilisafiri bila hata senti ya dharura nyuma yangu, na sasa hivi ndiyo naona nilivyojiweka pabaya. Nitaigawa ile sehemu ya kumi mara mbili, hata kama safari ijayo itachelewa.

Namba 5, nimeinuka kitandani kwenda kuiangalia pasipoti. Imebakiza miezi 7. Kesho naenda kuchukua fomu. Wengine endeleeni, hasa mliosafiri na watoto.