Kaka anaumwa kichwa wiki ya tatu, daktari anataka kumtoa maji mgongoni, baba mdogo amegoma

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini, mnisamehe nikichanganya mambo.

Kaka yangu ana miaka 36, anaishi na VVU tangu 2015. Dawa alikuwa anameza vizuri, ila alipobadilisha kazi aliacha kimya kimya. Miezi minane! Nimejua juzi tu. Kichwa kilianza wiki tatu zilizopita: anameza dawa za maumivu, kinatulia saa mbili, kinarudi. Tukadhani ni uchovu. Juzi akaanza kutapika na kuona vitu viwili viwili, na jana aliniita kwa jina la marehemu mama. Ndipo tukamleta.

CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) imetoka 41, iko chini sana. Daktari anashuku ugonjwa nyemelezi kwenye ubongo, anataka kumchoma sindano mgongoni atoe maji yapimwe. Baba mdogo ndiye wa kusaini na amekataa, anasema kuna mtu alitolewa maji hayo hakuinuka tena. Halafu wamesema ARV, zile dawa za VVU, wasimrudishie sasa hivi. Mtu wa CD4 41 anaachwaje bila ARV? Naombeni ushauri, saini inasubiriwa.

NesiMstaafu
Pole sana mdogo wangu. Kwanza swali: upande mmoja wa mwili umelegea, au amepata degedege? Kama ndiyo, waambie kabla ya sindano, maana hapo huanza picha ya CT ya kichwa. Dalili hizo mara nyingi ni za toksoplasma, kimelea kinachoamka kinga ikianguka, kikavimbisha sehemu ya ubongo.

Ila kwa ulivyoeleza, kichwa kinachozidi polepole kwa wiki kadhaa, mimi ningefikiria kwanza homa ya uti wa mgongo ya fangasi ya kriptokoka, au ya TB. Shingo isikudanganye, inaweza isikakamae kabisa. Kitandani magonjwa haya yanafanana, maji ndiyo yanayoyatenganisha. Na kubahatisha ni hatari: steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, hupewa mgonjwa wa TB ya utando wa ubongo, lakini mwenye kriptokoka zinamdhuru.

TairiBovu
Mimi niko na baba mdogo. Jirani yetu alichomwa hiyo sindano, siku ya nne tukamzika. Ombeni dawa, achaneni na mgongo wake.

Kovu_2018
TairiBovu, pole kwa jirani, lakini jiulize alifikishwa hospitali akiwa na hali gani. Wengi wanapelekwa wakiwa hawajitambui tena, kisha lawama inabebwa na sindano.

Mimi nilikuwa na kriptokoka, nimechomwa mara tano na natembea. Fangasi ile inaziba njia za maji ya ubongo kutoka, basi presha inapanda ndani ya fuvu. Ikizidi sentimita 25 za maji wanasema iko juu. Yangu ilisoma 45. Walipopunguza maji, kichwa kiliachia nikiwa bado nimejikunja pale pale kitandani. Ndiyo maana mimi siiti kipimo, naiita dawa. Mwenzangu wa kitanda cha pili, ndugu zake walisubiri mjomba arudi safari. Alitoka hai, ila haoni.

NesiMstaafu
Mwambie baba mdogo hivi: sindano inaingia chini kabisa kiunoni, na uti wenyewe wa neva umeishia juu ya pale. Chini kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea, sindano ikipita zinasogea. Mgongo unaweza kuuma, kichwa pia siku mbili tatu. Kupooza ni nadra mno.

Akiendelea kugoma, ulizeni kipimo cha damu cha antijeni ya kriptokoka, yaani alama ya fangasi huyo kwenye damu. Ni tone tu, majibu dakika kumi. Wazee wengine hulegea wakiona karatasi.

Kuhusu ARV, hawajamtelekeza. Kama ni kriptokoka, kinga ikirudi haraka inapigana na fangasi humo humo ndani ya fuvu, uvimbe unazidi na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo fangasi inapigwa kwanza, ARV zinafuata baada ya wiki 4 hadi 6. Toksoplasma hawasubiri muda wote huo.

Mleta uzi
Damu imesoma chanya. Baba mdogo aliishika ile karatasi muda mrefu, akasaini bila neno. Presha 38. Usiku kalala, mara ya kwanza wiki hii.

Ila wamempa dripu moja tu ya amfoterisini, dawa ya kuua fangasi, eti basi, vinavyobaki ni vidonge. Mgonjwa wa pembeni anasema zamani zilikuwa dripu za kila siku. Wanatubania?

Kovu_2018
Hawajawabania. Mimi nilipata zile za kila siku, figo zilinisumbua, nikaongezewa na damu. Dripu moja kubwa ya aina mpya ya amfoterisini, pamoja na vidonge vya fangasi vya flusitosini na flukonazoli vya siku 14, ilijaribiwa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Matokeo yalitoka 2022: kufikia wiki ya kumi walifariki 24.8% kwa dripu moja, na 28.7% kwa matibabu ya zamani, na madhara yalipungua. Mwaka huo huo WHO ikaipitisha.

Ila usione 24.8 ukadhani ni ndogo. Kichwa kikirudi hata saa nane usiku, muamsheni wa zamu, wapime presha tena.

NesiMstaafu
Na flukonazoli haishii kwenye siku 14. Inaendelea dozi kubwa wiki 8, kisha miligramu 200 kila siku mpaka CD4 ipande. Wengi wanajisikia wazima, wanaacha, fangasi inarudi. Huyu tayari ana historia ya kuacha kimya kimya, atafutiwe mtu wa kumkumbusha bila kumgombeza.

Mleta uzi
Swali la mwisho: analala chumba kimoja na mwanangu. Haiambukizi?

NesiMstaafu
Hapana. Fangasi hii iko kwenye udongo na vinyesi vya ndege, watu wengi tumeshaivuta. Inasubiri kinga ianguke tu.

Mleta uzi
Ahsanteni. Presha imepanda tena, kesho wanarudia sindano. Baba mdogo kaniuliza ni saa ngapi, anataka awepo.