Je, hadithi za kisayansi ni anasa kwa fasihi ya Kiswahili?

Mleta hoja:

Ndugu wasomaji, ipo kauli ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa watu ninaowaheshimu, walimu na wahariri wakiwemo, kwamba mwandishi wa Kiswahili anayebuni safari za anga au mashine zenye akili anawaacha watu wake katika dhiki zao na kwenda kuota ndoto za wengine. Naipinga kauli hiyo, na ninaomba tuijadili kwa hoja.

Nianzie nyumbani. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliiweka nchi nzima ikielea angani, akawatuma wajumbe sita pande zote, mbinguni na ardhini zikiwemo, na kila aliyerudi na maarifa mapya akatiwa gerezani. Mwaka 1995 Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini wakati wa utawala wa Moi, alitupa Walenisi, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo na kufika katika jamii ya watu walio sawa. Hakuna anayeweza kusema kwamba waandishi hawa wawili waliwasahau watu wao.

Sarufi yetu pia imeshatuandalia njia. Tunayo -ngali-, inayolilia kilichokwisha kupita: ningalijua, nisingalikwenda. Tunayo na -nge-, ambayo mlango wake haujafungwa: bahari ingepanda, tungeishi wapi? Kwangu mimi hadithi ya kisayansi ni -nge- iliyotiwa nidhamu, kwa kuwa mwandishi hubadilisha jambo moja tu katika dunia tunayoijua, kisha hulazimika kuyafuata matokeo yake hatua kwa hatua, hata yanapomfikisha asikotaka kufika.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa H. G. Wells, Mwingereza aliyeandika juu ya mabomu ya atomu katika riwaya iliyotoka mwaka 1914, wakati hapakuwa na yeyote aliyejua namna ya kuyatengeneza. Leo Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, aliisoma riwaya hiyo mwaka 1932. Mwaka uliofuata, akiwa London, alipata wazo kwamba nyutroni moja, yaani chembe ndogo iliyomo katika kiini cha atomu, ingeweza kuzaa nyingine, na hizo zikazaa nyingine, mpaka nishati kubwa mno itoke katika kiini cha atomu. Aliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1934, kisha akafanya bidii ifichwe mikononi mwa jeshi la majini la Uingereza, na baadaye alieleza kwamba alijua maana ya jambo hilo kwa sababu alikuwa amemsoma Wells. Fikirini jambo hilo: hesabu zilimwonyesha kwamba nishati ingetoka, lakini ni hadithi iliyomwonyesha miji ikiteketea.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu yangu, nakushukuru, ila mifano yako inakugeuka. Kusadikika ni istiara, na wala hakuna msomaji anayetakiwa kuuliza nchi ile inaelea kwa nguvu gani, maana anga yake ni pazia la kumwezesha mwandishi kuusema utawala bila kuutaja. Chombo cha Dzombo nacho ni kivuko cha kufikia mjadala wa siasa. Mabomu ya Wells hulipuka siku nyingi mfululizo, na sivyo ilivyokuwa Hiroshima. Sasa sayansi iko wapi hapo?

Lakini pingamizi langu kubwa si hilo. Nchini Tanzania mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma, na akifika sekondari anahamishiwa Kiingereza, yaani anapong'olewa katika lugha yake ndipo fizikia yenyewe inapoanza kunoga. Mchapishaji naye huishi kwa vitabu vinavyoteuliwa kutahiniwa. Je, huyo mwandishi unayemhimiza amwandikie nani, na kwa msamiati upi?

Mleta hoja:

Kuhusu istiara nakubali kwamba nilichanganya mambo mawili, na umenisahihisha kwa haki. Kuhusu Wells sikubali, kwa sababu sikudai kwamba alitabiri. Alikosea jinsi bomu linavyofanya kazi, lakini hakukosea kuuliza binadamu wangefanyaje wakiwa nalo, na swali hilo lilimfikia Szilard kabla ya bomu lenyewe kuwepo. Msamiati nao upo kuliko tunavyodhani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno yamo mle yakisubiri wahusika wa kuyasema. Juu ya msomaji sina jibu linaloniridhisha mwenyewe, na linaniuma.

Mchangiaji wa pili:

Kaka zangu, mimi natoka Unguja, na naona mnatazama mbali mno. Kinamama wa pwani ya mashariki walianza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ule wa bei nzuri, tunaouita kotoni, siku hizi unakufa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto, nao ungestahimili zaidi kwenye maji ya kina kirefu. Huko hakufikiki kwa miguu maji yanapotoka. Kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu hatukufundishwa.

Basi nichukue hiyo -nge- yenu. Joto lingepanda tena kidogo, na kijiji kizima cha wanawake kingelazimika kuhamia kina kirefu. Nani angewafundisha kuogelea, na kwa vazi gani? Chombo kingekuwa cha nani, cha mume au cha ushirika? Mapato yakiongezeka, nani angekaa na watoto usiku maji yanapotoka usiku? Joto ni la sayansi, na yanayofuata yote ni yetu. Kuhusu msomaji, wanangu wawili wanajua majira ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na ya maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, kuliko fomula yoyote waliyokaririshwa darasani, na hadithi hiyo ingeandikwa wangeisoma kwa Kiswahili bila kusubiri mtihani. Nimeshaandika kurasa tisa. Nimekwama pale nahodha, ambaye ni bibi wa miaka sitini, anapotakiwa kuamua kama wakate kamba zinazoshika mwani wa shamba la zamani.